Nimefunga hedi gasketi mpya ya Datsun 240Z nyumbani, maji bado yanapungua. Nimekosea wapi?

#1 KutuHalilali

Salamu wakuu. Gari ni Datsun 240Z ya 1972, injini L24 ile ile iliyotoka nayo kiwandani, silinda sita, kabureta mbili. Miezi miwili iliyopita ilichemsha nikiwa napanda mlima. Niliizima upesi, lakini kesho yake asubuhi ikawaka na moshi mweupe, silinda moja ikawa haichomi kwa sekunde kama kumi, kisha ikatulia. Nikajua hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua.

Nilifungua mwenyewe. Hii gari sitaki mkono mwingine uiguse. Wikendi tatu. Gasketi ya zamani ilikuwa na doa jeusi lililokatiza kati ya silinda ya 5 na ya 6, nikaona nimelenga penyewe. Nimeweka hedi gasketi mpya, ya manifoldi (mabomba ya kabureta na eksosi) mpya, ya tapeti kava (kava la juu ya valvu) mpya na themostati mpya. Nimeshatembea kilomita 300. Moshi hakuna, nguvu imerudi.

Shida ni maji. Yanapungua karibu robo lita kila kilomita mia. Oili kwenye dipstiki ni safi, ila chini ya kifuniko cha kujazia oili kuna utando kama maziwa. Chini ya gari hakuna hata tone. Nifungue hedi tena au kuna kitu sikioni?

#2 FundiWaUsiku

Usifungue kwanza, jibu haya. Hedi uliipima kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vya kupimia pengo)? Ulipata ngapi? Bolti ulikaza kwa hatua ngapi? Na matundu ya bolti kwenye bloku uliyasafisha vipi?

#3 Spana13

Hewa tu hiyo mkuu. Inua pua ya gari kwa jeki, fungua kifuniko cha rediata, hita iwe wazi, iache iungurume mpaka themostati ifunguke. Mimi niliongeza maji siku tatu mfululizo, ikaacha yenyewe.

#4 Mzee_Kabureta

Huo utando msiutie maanani peke yake. Injini ikitembea safari fupi bila kupata moto wa kutosha, mvuke unaganda kwenye kava na kuchanganyika na oili. Nimeuona kwenye injini zilizo nzima kabisa. Lingekuwa ni maji ya rediata yanaingia kwenye oili kwa wingi, dipstiki ingekuwa ya kwanza kusema.

#5 KutuHalilali

Nashukuru kwa majibu ya haraka. @FundiWaUsiku:

Hedi niliipima kwa urefu, rula ya milimita 600. Pengo kubwa lilikuwa 0.08 mm, katikati. Nilisoma kwamba mwisho ni 0.1 kwa hiyo sikuipeleka kusawazishwa. Bolti zote 14 nilikaza kwa hatua tatu, kuanzia katikati kwenda pembeni, nikamalizia na 80 Nm. Matundu nilipuliza kwa hewa. Tepu ya kusafishia uzi wa tundu sikupitisha.

@Spana13 hewa nimeshatoa mara mbili kwa njia hiyo hiyo.

#6 FundiWaUsiku

Basi hapo kwenye matundu ndipo penye kesi.

Spana ya toku haipimi bolti inavuta hedi kwa nguvu gani. Inapima ugumu wa kuzunguka, basi. Uzi wa tundu ukiwa na kutu au gamu ya zamani, spana inalia 80 wakati sehemu kubwa ya nguvu imeliwa na msuguano. Hedi haijabanwa inavyotakiwa na wewe unaamini imebanwa. Na tundu likiwa na oili au maji yaliyobaki chini, bolti inayasukuma, hayana pa kwenda. Hapo spana inalia mapema, au mbaya zaidi bloku inapasuka kwenye tundu.

Matundu hupitishwa tepu ya kusafishia, si ya kukata uzi mpya, kisha hupulizwa mpaka kitambaa cheupe kitoke kikavu. Bolti nazo husuguliwa kwa brashi ya waya, na uzi pamoja na chini ya kichwa hupakwa tone la oili. Bolti za L24 zina kichwa cha tundu la pembe sita, alen ya milimita 10. Kile kitundu cha juu kikijaa uchafu ufunguo haukai sawa, unateleza na kuharibu pembe.

#7 Binti_Injini

Nakubaliana na namba 6 kuhusu matundu. Ila niseme mawili.

Kwanza, 0.1 mm ni mwisho wa kuvumiliwa. Kiwango kizuri ni chini ya 0.05. Ukiwa na 0.08 uko ndani ya kitabu, lakini kwa hedi ya aluminiamu iliyokaa juu ya bloku ya chuma na iliyochemka, mimi nisingeirudisha hivyo. Tena ulipima kwa urefu tu. Hupimwa na kimshazari, kona kwa kona, na kukatiza kila silinda.

Pili, na hili hakuna aliyeligusa. Doa jeusi kati ya 5 na 6 maana yake moto ulikuwa unavuka kutoka silinda moja kwenda nyingine. Hilo linaeleza kukosa nguvu na silinda kutochoma. Moshi mweupe halielezi. Moshi mweupe ni maji. Yale maji yalipitia wapi? Uliona njia nyeupe au ya kutu kutoka tundu la maji kuelekea silinda yoyote?

#8 KutuHalilali

Hapana. Doa lile moja tu. Picha ninazo, nimezirudia sasa hivi, pete ya silinda ya 6 upande wa matundu ya maji ni nzima. Umenipa wasiwasi mpya dada.

#9 Binti_Injini

Ndiyo maana nawaza ufa kwenye hedi yenyewe, kati ya viti vya valvu, au kwenye koo la eksosi. Ufa wa namna hiyo rula haiuoni. Kwenye yangu nilisafisha hedi mpaka inang'aa, sikuona kitu. Ulionekana tu pale hedi ilipozibwa matundu ya maji, ikatiwa hewa ya shinikizo na kuzamishwa kwenye maji ya moto. Ukiwa baridi umefunga, ukipata joto unapumua.

#10 Mgeni_Garini

Samahani kuingilia. Mimi nina L24 bado sijaifungua, nasoma kwanza. Ni kweli kwamba kabla ya kutoa hedi lazima uweke kabari ya mbao kwenye cheni ya taimingi, ile inayozungusha kamshafti? Nimesikia hivyo lakini sielewi inazuia nini.

#11 L24_Damu

Lazima, tena usiguse bolti ya spoketi ya juu (gia ya kamshafti, shafti inayofungua valvu) kabla ya kabari kukaa. Pale chini ndani ya kava la mbele kuna kitensheni kinachosukuma cheni kwa springi na oili. Ukishatoa spoketi ya kamshafti, cheni inalegea, kile kipistoni cha kitensheni kinaruka nje. Kukirudisha mpaka utoe kava la mbele. Na kava la mbele kwa juu limelaliwa na hedi gasketi, kwa chini limelaliwa na gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Kazi ya siku moja inakuwa ya wiki.

Kabari ni kipande cha mbao ngumu, chembamba chini, kinashuka katikati ya mikono miwili ya cheni na kuibana. Kitobolee juu ukifunge kamba ili kisizame. Kabla ya hapo weka silinda ya 1 juu kabisa, piga alama ya rangi kwenye cheni na kwenye spoketi.

Halafu kuna bolti mbili ndogo mbele kabisa, zinashuka kutoka kwenye hedi kuingia kava la mbele. Watu wanatoa zote 14, hedi haiinuki, wanaleta mtaimbo. Mtaimbo kwenye aluminiamu! Kumbe zile ndogo bado zimeshika. Nimeona kava limevunjwa sikio kwa sababu hiyo, na mwenye gari alikuwa karibu kulia.

#12 Spana13

@KutuHalilali zile mbili ndogo ulizirudisha? 😀 Maana mtu aliyesahau tepu...

#13 KutuHalilali

Zimerudi zote mbili, picha hiyo hapo. Kabari pia niliweka, mbao ya mguu wa kiti.

#14 MamaSpana

Kabla hamjaendelea, @Mgeni_Garini na wengine mnaojiandaa kufungua: gasketi za magari ya umri huu nyingi zilitengenezwa kwa asbestosi. Msizikwangue kavu, msizipige kwa mashine, msipulize vumbi lake kwa hewa. Lowanisheni kwa maji yenye sabuni, mkwangue taratibu, mabaki myaweke kwenye mfuko na kuufunga, kitambaa mtupe. Vaeni barakoa ya vumbi laini, si ya kitambaa. Vumbi lile linakaa kwenye mapafu miaka na miaka. Nimepoteza mtu wa karibu kwa kifua na alikuwa fundi maisha yake yote, kwa hiyo nitalisema hili kila uzi wa gasketi utakapofunguliwa.

Na vile visahani vya kusugulia vinavyofungwa kwenye drili, viwekeni kando. Vinachimba vishimo kwenye aluminiamu ambavyo gasketi haivizibi, na chembe zake ngumu zinaingia kwenye oili na kutafuna beringi za kranki (shafti kuu ya injini). Bloku ya chuma kwangua kwa wembe uliolazwa, hedi ya aluminiamu kwa kwangulio la plastiki na dawa ya kulainisha gasketi. Inachosha mkono. Ndivyo ilivyo.

#15 Mgeni_Garini

Asante sana mama. Hili la asbestosi sikuwa nalijua kabisa.

#16 Chenji_Mbili

Mnakimbilia kwenye hedi, wakati kwenye 240Z maji yanapita pia kwenye manifoldi ya kabureta kuipasha joto. Gasketi ya manifoldi ikivuja, maji yanavutwa moja kwa moja ndani ya silinda. Hakuna tone chini, hakuna oili chafu. Si ndiyo dalili zake?

#17 Mzee_Kabureta

Nusu yake ni kweli, mkuu. Maji yanapita ndani ya manifoldi, lakini yanaingia na kutoka kwa hosi na vibomba. Hayavuki kutoka kwenye hedi kupitia ile gasketi. Kwa hiyo gasketi ikivuja itavuta hewa, na kabureta zitakataa kutulia. Ili maji yaingie silinda kwa njia hiyo manifoldi yenyewe iwe na ufa au kutu iliyotoboa.

Lakini umenikumbusha jambo. Kwenye L24 manifoldi ya kabureta na ya eksosi ziko upande mmoja, ya kabureta juu, ya eksosi chini yake. Kihosi cha maji kikivuja pale juu, tone linaangukia chuma cha moto na kukauka papo hapo. Sakafuni hutaona kitu maisha yako yote. Utakachoona ni doa jeupe au la kijani juu ya manifoldi ya eksosi. Chukua tochi na kioo kidogo, tazama chini ya kabureta ya nyuma.

#18 Chenji_Mbili

Nimekubali masahihisho. Kihosi basi. Wakati wa kutoa manifoldi si lazima alivichomoa?

#19 Spana13

Kifuniko cha rediata je? Springi ikichoka maji yanatoka kwa mrija wa pembeni wakati gari linakimbia, yanamwagikia barabarani. Ukisimama yameshakauka.

#20 Binti_Injini

Tuache kubashiri, tupime. @KutuHalilali fanya haya, kwa mpangilio huu kwa sababu ya mwisho inaharibu matokeo ya ya kwanza:

Injini ikiwa baridi, funga pampu ya kupimia kwenye mdomo wa rediata, pandisha mpaka kilo 0.9 kwa sentimita mraba, ambayo ndiyo nguvu ya kifuniko chake, na uiache saa nzima. Wakati inasubiri zunguka na tochi. Gusa zulia la upande wa hita, kama limelowa kesi imekwisha. Baada ya saa toa plagi zote sita, zipange kwa namba, zitazame. Kisha zungusha injini bila plagi, uone kama kuna tundu linalotema maji. Mwisho ndiyo uiwashe ipate moto, uweke kile kichupa cha kimiminika cha buluu juu ya rediata. Kikigeuka njano, moshi wa silinda unaingia kwenye maji.

#21 KwataMbele

Napita tu kusema 240Z ndiyo ilishinda East African Safari mwaka 1971, ikarudia 1973. Injini hiyo hiyo ya 2393 cc. Wakati huo walikuwa wanaibeza kwamba ni gari la sura. Naomba muendelee, nafuatilia.

#22 L24_Damu

@KwataMbele nakazia. Na ndiyo sababu sikubali mtu anaposema injini hii ni dhaifu kwenye gasketi. Si dhaifu. Ikichemka inaumia, kama kila yenye hedi ya aluminiamu.

#23 KutuHalilali

Nimerudi. Matokeo, kama yalivyo:

Shinikizo lilishuka kutoka 0.9 hadi 0.7 kwa saa moja. Zulia kavu. Plagi za 1 hadi 5 zina rangi ya kahawia nyepesi, ya 6 ni nyeupe, kama imeoshwa. Hakuna tundu lililotema maji nilipozungusha. Kimiminika kimebaki buluu dakika kumi nzima injini ikiwa ya moto.

Na @Mzee_Kabureta, doa lipo. Jeupe, ukubwa wa sarafu, juu ya manifoldi ya eksosi chini kidogo ya kabureta ya nyuma.

#24 Mzee_Kabureta

Nilisema!

#25 FundiWaUsiku

Subiri mzee. Doa hilo linaweza kuwa la tangu mwaka juzi. Plagi ya 6 ni ya leo. Plagi nyeupe iliyooshwa wakati zote tano ni kahawia ni maji yanaingia silinda ya 6, na silinda ya 6 iko pale pale palipoungua. Hedi haijabana nyuma.

#26 Mzee_Kabureta

Plagi huwa nyeupe pia mchanganyiko ukiwa na petroli kidogo. Amefunga gasketi mpya ya manifoldi, na bandari ya 6 (tundu la manifoldi la silinda ya 6) iko mwisho kabisa. Kwenye injini hii washa moja nene inabana flenji (midomo ya manifoldi) mbili kwa pamoja, ya kabureta na ya eksosi. Flenji moja ikiwa nyembamba kuliko mwenzake, washa inakaa upande, moja inabanwa na nyingine inabaki na pengo. Hewa inaingia, silinda ya 6 inachoma kavu. Injini ikiunguruma, puliza gesi ya kuwashia jiko isiyowashwa karibu na bandari hiyo, mngurumo ukipanda umeipata.

#27 MamaSpana

Mzee, hiyo gesi karibu na eksosi ya moto siiungi mkono. Gari limezungukwa na petroli ya kabureta mbili. Tumia maji kwenye chupa ya kupuliza, mngurumo utabadilika vilevile pale yanapovutwa.

#28 Mzee_Kabureta

Sawa, nimeondoa. Maji yanatosha.

#29 Binti_Injini

Kimiminika kubaki buluu hakumaanishi hedi imepona. Ufa mdogo unaweza kupitisha maji kuingia silinda gari likipoa, wakati mfumo bado una shinikizo na silinda haina, lakini usipitishe moshi kurudi. Mimi bado niko kwenye ufa wa silinda ya 6. Nikumbushe: moshi mweupe wa mwanzo hadi leo hakuna aliyeueleza.

#30 L24_Damu

Wengine wanaamini silinda za nyuma za L24 hupata moto zaidi kwa sababu maji yanaingilia mbele. Kwa hiyo ufa kwenye 6 sio ajabu. Lakini akiisawazisha hedi akumbuke, kila unachokata kinashusha kamshafti karibu na kranki, cheni inalegea na taimingi inachelewa. Spoketi ina matundu matatu, 1, 2 na 3, kila moja linasogeza nyuzi 4 za kranki. Mkato mdogo unatosha kwa hayo. Mkato mkubwa unahitaji shimu (vibati vyembamba) chini ya minara inayoshika kamshafti, la sivyo cheni inaanza kupiga kelele.

#31 Mgeni_Garini

Swali la pembeni: gasketi mpya inapakwa silikoni au inawekwa kavu?

#32 FundiWaUsiku

Hedi gasketi kavu, pande zote safi, hakuna hata alama ya kidole yenye oili. Silikoni ni tone dogo tu pale mbele panapokutana hedi, bloku na kava la taimingi, kwa sababu vipande vitatu havilingani sawasawa. Tapeti kava ni gasketi ya korki, iache kavu na usiikaze kwa hasira, korki ikipondwa inapasuka na oili inashuka nyuma ya injini. Halafu mtu anakuja hapa kulia kwamba oili sili ya nyuma ya kranki imekwisha.

Kwenye sampu usijaze silikoni. Inayotokeza kwa nje ndiyo unayoiona, nyingine imetokeza kwa ndani, na inakatika na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili.

#33 Chenji_Mbili

Mimi hupuliza rangi ya shaba hedi gasketi pande zote mbili, miaka yote, haijawahi kuvuja.

#34 FundiWaUsiku

Na mimi sijawahi kupuliza, haijawahi kuvuja. Ni kusoma maelekezo ya aliyeitengeneza gasketi husika. Yenye utando wake tayari haitaki kitu juu.

#35 KutuHalilali

Wakuu, taarifa ya wiki. Nimetoa kabureta. Kihosi kifupi cha maji cha nyuma kilikuwa kimechanika chini ya klipu, upande usioonekana. Bila shaka nilikiumiza mwenyewe wakati wa kuchomoa. Nimebadilisha vihosi vyote na klipu zake. Washa za bandari ya 6 nimezipima kwa kalipa, flenji zinatofautiana kidogo sana, nimesugua washa moja kuisawazisha.

Nimetembea kilomita 200. Maji yaliyopungua sasa ni kama kikombe cha kahawa. Zamani ingekuwa nusu lita. Plagi ya 6 imeanza kupata rangi, lakini bado imepauka kuliko wenzake.

#36 Mzee_Kabureta

Hongera kijana. Kikombe hicho ni hewa iliyobaki kwenye mfumo baada ya kubadilisha hosi. Ongeza na usahau.

#37 Binti_Injini

Usisahau. Funga pampu tena usiku kucha, 0.9, asubuhi zungusha bila plagi.

#38 FundiWaUsiku

Kikombe kilichobaki ni changu. Kabla ya kufungua chochote, injini ikiwa baridi kabisa, toa tapeti kava, legeza bolti moja robo mzunguko, ikaze upya hadi 80, ndiyo uende ya pili, kwa mpangilio ule ule wa katikati kwenda nje. Usilegeze mbili kwa pamoja. Utahisi mkononi ipi inazunguka laini na ipi inakwama kwa kutu. Baada ya hapo pima pengo la valvu upya, ikiwa baridi 0.20 mm za kuingiza na 0.25 mm za kutolea.

#39 KutuHalilali

Pampu iko kwenye rediata tangu saa mbili usiku. Nimeondoka inasoma 0.9. Kesho asubuhi nasoma geji, kisha bolti moja moja kama alivyosema Fundi.

#40 Spana13

Tupo hapa. Weka picha ya geji kabla hujagusa kitu.